Linux ilivyojifunza kusema: Wasioona na programu huria za ofisini

SEPTEMBA 2005, serikali ya jimbo la Massachusetts nchini Marekani iliamua kwamba kuanzia Januari 1, 2007, nyaraka za ofisi zake za utawala zihifadhiwe katika miundo huria ya faili, hasa ule uitwao OpenDocument, badala ya muundo uliokuwa ukimilikiwa na kampuni ya Microsoft.

Hoja ya wakuu wa jimbo hilo ilikuwa rahisi kuelewa. Waraka wa umma ni mali ya umma, na haifai kizazi cha kesho kilazimike kununua programu ya kampuni moja ndipo kiweze kusoma sheria, cheti au barua iliyoandikwa leo. Wapenzi wa programu huria kote ulimwenguni walishangilia.

Upinzani mmoja ulitoka mahali ambapo wachache walikuwa wameutazamia. Wafanyakazi wa serikali wasioona, pamoja na mashirika yanayotetea watu wenye ulemavu, walionya kwamba mpango huo ungewazuia kufanya kazi zao. Mwezi uliofuata, kamati ya Seneti ya jimbo ilipoketi kulichunguza suala hilo, malalamiko yao yalikuwa miongoni mwa yaliyosikizwa.

Wafanyakazi hao walikuwa wakitumia JAWS, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini ya tarakilishi inayotumia Windows. Kwa miaka mingi JAWS ilikuwa imefunzwa kila kona ya Microsoft Word na Excel. Ilipokutana na OpenOffice.org, programu kuu ya ofisini iliyotumia muundo huo mpya, mambo mengi yaliipita bila kusema neno. Karani aliyekuwa akiandika barua ishirini kwa siku angefungua dirisha na kukuta kimya.

Kwa hiyo swali halikuwa kama muundo huria ni mzuri au mbaya. Swali lilikuwa: huria kwa nani?

Ili kuelewa kimya hicho kilitoka wapi, ni lazima kwanza kufahamu kwamba kisoma-skrini hakina macho. Katika enzi ya mfumo wa DOS, skrini ilikuwa mistari ya herufi tu, na programu ya kusoma iliweza kuchungulia moja kwa moja mahali herufi hizo zilipohifadhiwa ndani ya tarakilishi. Madirisha na vipanya vilipoingia, herufi ziligeuka kuwa picha. Kwa tarakilishi, herufi A iliyochorwa kwenye dirisha ni vitone vyeusi na vyeupe, hali moja na vitone vya picha ya mbuzi.

Tangu hapo, kisoma-skrini kimekuwa kama mtangazaji wa kandanda aliyeketi nje ya uwanja. Hawezi kuwasimulia wasikilizaji chochote ila kile anachopashwa na mtu aliye ndani. Mtu huyo wa ndani ni programu yenyewe. Isipojieleza, mtangazaji hana la kusema, hata awe stadi namna gani.

Kwenye Linux, njia ya kupitishia habari hizo huitwa AT-SPI. Kupitia kwayo, programu ya kuandikia hujieleza kipande kwa kipande: hiki ni kitufe, jina lake ni "Hifadhi", kwa sasa kinaweza kubonyezwa, hii ni aya, maneno yake ni haya, na kishale kiko baada ya herufi ya kumi na mbili. Kisoma-skrini hupokea habari hizo, huchagua zinazofaa kutamkwa kwa wakati huo, kisha huzikabidhi kwa programu nyingine inayotengeneza sauti. Asiyetaka sauti, au asiyesikia, anaweza kuzipokea kwenye kifaa cha Breli ambacho vinundu vyake huinuka na kushuka chini ya vidole.

Kazi ya kuchagua ndiyo ngumu zaidi. Jicho huona ukurasa mzima na kuacha yasiyohitajika, bali sikio hupokea neno moja baada ya jingine. Programu inayosema kila kitu humchosha mtu upesi kuliko ile isiyosema.

Kisoma-skrini kikuu cha Linux ni Orca. Kilianzishwa katika kampuni ya Sun Microsystems, iliyokuwa pia mfadhili mkubwa wa OpenOffice.org, na aliyekibuni ni Marc Mulcahy, mtaalamu wa programu ambaye mwenyewe haoni. Orca ni jina la nyangumi mwindaji. Watengenezaji wa programu za aina hii wana desturi ya kuchagua majina ya viumbe wa baharini, na neno JAWS, ingawa ni kifupisho, humkumbusha Mwingereza meno ya papa.

Orca iliingia rasmi katika GNOME, mazingira ya madirisha yanayotumiwa sana kwenye Linux, pamoja na toleo la 2.16 la Septemba 2006. Ilichukua nafasi ya Gnopernicus, programu iliyoitangulia. Hii ina maana kwamba Massachusetts ilipotoa agizo lake mwaka mmoja kabla, ulimwengu wa programu huria ulikuwa bado unatafuta sauti yake.

Agosti 2006, jimbo hilo lililegeza kamba. Wafanyakazi wangeendelea kutumia Microsoft Office, huku viungio vya ziada vikiwawezesha kuhifadhi nyaraka katika OpenDocument. Mwaka 2007 muundo mpya wa Microsoft nao ukaongezwa katika orodha ya miundo iliyokubaliwa. Wako waliosema kwamba malalamiko ya wasioona yaligeuzwa ngao ya kampuni kubwa. Huenda kuna chembe ya ukweli humo, lakini haiondoi ukweli mwingine: karani asiyeona alikuwa amesema kweli tupu kuhusu dirisha lake lililonyamaza.

Na kelele zile zilizaa matunda. Februari 2007 lilipitishwa toleo la 1.1 la OpenDocument, ambalo marekebisho yake makuu yalihusu watu wenye ulemavu: nafasi ya kuandika maelezo kwa maneno badala ya picha, utambulisho wa vichwa vya majedwali, na njia bora ya kutembea ndani ya slaidi kwa kibodi. Ni nadra muundo wa faili kufanyiwa marekebisho kwa ajili ya watu waliokuwa wakiupinga.

Katika miaka hiyo, leseni moja ya JAWS iligharimu karibu dola 900 za Marekani. Orca haitozwi senti. Tofauti hiyo ina uzito wake kwa shule au ofisi ya kaunti, ingawa haki inataka isemwe kwamba tangu 2006 kipo pia NVDA, kisoma-skrini cha bure kilichoanzia Australia, nacho hutumika kwenye Windows.

Faida ya Linux iko zaidi katika jambo jingine, yaani kuanza bila kushikwa mkono. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2011, mfumo wa Debian huweza kuwekwa kwenye tarakilishi kwa kusikiliza tu. Mashine ikiwashwa kwa diski ya Debian, hutoa mlio. Mtu hubonyeza herufi S, kisha Enter, na maswali yote yanayofuata husomwa kwa sauti. Hahitaji kumsubiri ndugu au jirani mwenye macho aje amsaidie.

Katika GNOME, Orca huwashwa kwa kubonyeza pamoja vitufe vya Alt, Super na S. Super ni kile kitufe ambacho kwenye kibodi nyingi kimechorwa nembo ya Windows, jambo linalochekesha kidogo kwa mtu aliyeihama Windows. Baada ya hapo kipanya kinaweza kuwekwa kando kabisa.

Amri nyingi za Orca huhitaji kitufe kimoja kishikiliwe kwanza. Kwenye kibodi kubwa ni Insert, na kwenye kipakatalishi ni Caps Lock. Kitufe hicho pamoja na H huanzisha hali ya kujifunza: kila kinachobonyezwa hutajwa jina na kazi yake bila kutekelezwa. Anayeanza angefanya vyema kukaa katika hali hiyo saa nzima kabla hajaandika herufi ya kwanza.

Programu ya ofisini inayotumiwa leo kwa wingi kwenye Linux ni LibreOffice, iliyozaliwa kutokana na OpenOffice.org Septemba 2010. Ndani ya sehemu yake ya kuandikia, Writer, mishale ya kibodi husogeza kishale, na Orca husoma mstari, neno au herufi kadiri kishale kinavyokwenda. F7 hufungua kikagua tahajia. F6 humtoa mtu kwenye maandishi na kumpeleka kwenye menyu na vibao vya zana, kisha kumrudisha.

Lakini kusoma kwa kishale pekee hakutoshi. Wakati mwingine mtu hutaka kujua kilicho juu kidogo bila kuondoka anapoandika, kama vile mwenye macho anavyotupa jicho. Hapo ndipo vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kulia wa kibodi kubwa huwa muhimu. Nambari 7, 8 na 9 husoma mstari uliotangulia, uliopo na unaofuata. 4, 5 na 6 hufanya hivyo kwa maneno. 1, 2 na 3 kwa herufi. Nambari 5 ikibonyezwa mara mbili upesi, neno huendelezwa herufi moja moja. Muda wote huo kishale hakijasogea.

Anayehariri kwa masikio hukabiliwa na maswali ambayo mwenye macho hayawazi. Je, hapo kuna koma au nukta? Orca humruhusu kuchagua alama zote zitamkwe, nyingi, baadhi, au zisitamkwe kabisa. Herufi ni kubwa au ndogo? Zinaposomwa moja moja, sauti hupanda kwa herufi kubwa. Neno hili limekolezwa wino? Insert pamoja na F hutaja aina ya herufi, ukubwa wake na sifa nyinginezo. Mwandishi aliyezoea hukagua mambo hayo mwishoni, aya kwa aya, maana akiyasikiliza yote wakati wa kuandika, wazo lenyewe humponyoka.

Kuna tabia moja ya waandishi wenye macho inayowatesa wasioona pasi na wao kujua. Mtu huandika kichwa cha sehemu, hukikoleza wino, hukikuza, akaona kimependeza. Kwa Orca, hayo ni maneno ya kawaida yenye herufi nene. Lau angebonyeza Control na 1, Writer ingeyatia alama kwamba ni kichwa cha ngazi ya kwanza. Control na 2 ni ngazi ya pili. Vichwa vilivyotiwa alama hivyo hujipanga katika orodha inayofunguliwa kwa F5, na msomaji asiyeona huruka kutoka sura ya kwanza hadi ya tisa kwa sekunde chache. Bila alama hizo, ripoti ya kurasa 80 ni kichaka. Hana budi kuipitia mstari kwa mstari.

Mtihani halisi wa kazi ya ofisini, hata hivyo, huwa kwenye lahajedwali.

Tuseme mhasibu asiyeona amefungua orodha ya mishahara katika Calc, ambayo ni sehemu ya LibreOffice ya kufanyia hesabu. Safu ya juu ina vichwa: jina, idara, mshahara, makato. Anashuka hadi safu ya 140 na kusikia "2,400, D140". Elfu mbili mia nne za nini? Mwenye macho huinua tu kichwa. Mhasibu huyu angelazimika kupanda hadi juu, asikilize kichwa, kisha ashuke tena akitumai hatapotea njiani.

Orca ina dawa ya hilo. Mhasibu hukaa kwenye safu ya vichwa na kubonyeza kitufe cha Orca pamoja na R. Kuanzia hapo, kila anapohama kutoka safu wima moja hadi nyingine, kichwa husomwa pamoja na kiasi: "makato, 2,400". Kitufe cha Orca pamoja na C hufanya kazi hiyo kwa safu wima yenye majina ya wafanyakazi. Ni amri mbili ndogo, na bila hizo kazi ya mishahara ni adhabu.

Nyuma ya pazia, lahajedwali limewasumbua wahandisi kuliko aina nyingine yoyote ya waraka. Jedwali moja la Calc lina safu mlalo 1,048,576. Toleo la 7.4 la mwaka 2022 lilipoongeza safu wima kutoka 1,024 hadi 16,384, idadi ya seli ilipita bilioni 17. Programu nyingi huhesabu vitu kwa nambari ambayo kikomo chake ni takriban bilioni 2.1. Ikizidi hapo, hesabu huharibika, na kisoma-skrini kinaweza kuelekezwa kwenye seli isiyokuwapo. Ilibidi njia ya kuhesabu ndani ya LibreOffice ibadilishwe. Kadhalika, Calc haithubutu kumpa Orca orodha ya seli zote, kwani mashine ingekwama. Seli hutolewa chache chache, kadiri zinavyohitajika.

Sehemu ya slaidi, Impress, inaweza kutumika kwa kisoma-skrini, lakini kupanga visanduku na picha bila kuviona bado ni kazi ya kubahatisha. Wengi huandika maneno yote kwanza, kisha wakamwomba mwenzao atazame mpangilio.

Halafu kuna nyaraka zinazokuja kutoka nje. Barua ya ofisini hupigwa chapa, hutiwa sahihi na muhuri, kisha hupigwa picha na kutumwa kama faili ya PDF. Mwenye macho huona barua. Orca haikuti hata herufi moja, kwa sababu ni picha ya karatasi. Programu huria ya Tesseract, iliyoanzia katika kampuni ya Hewlett-Packard na kutolewa kwa umma mwaka 2005, huweza kutambua herufi zilizo pichani na kuzigeuza kuwa maandishi, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Ila muhuri ukiwa umeangukia tarakimu za tarehe, hakuna programu itakayozisoma kwa uhakika. Ingefaa zaidi faili ya asili itumwe pamoja na ile yenye muhuri.

Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020, LibreOffice ina kikaguzi kinachoonyesha kasoro kama picha zisizo na maelezo, na inaweza kutoa PDF inayofuata kanuni za kimataifa za kuwafaa wasioona. Kikaguzi hicho kimo ndani ya menyu ya zana. Aghalabu hakifunguliwi na wale ambao nyaraka zao zinakihitaji.

Na Kiswahili je? Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org. Menyu zilisema Kiswahili fasaha, ila kwa mwenye macho tu. Sauti ilikuja baadaye kupitia eSpeak, programu ndogo ya kutengeneza sauti iliyoandikwa na Jonathan Duddington, ambayo leo huendelezwa kwa jina la eSpeak NG. Kiswahili ni miongoni mwa lugha nyingi inazotamka.

Lugha yetu ina bahati katika jambo hili. Maneno yake hutamkwa karibu kama yanavyoandikwa, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Kanuni za kuyatamka basi ni fupi kuliko za Kiingereza, chenye tahajia iliyojaa mitego. Sauti yenyewe ni kavu kama ya roboti, lakini hubaki wazi hata ikiharakishwa sana, na mtumiaji mzoefu huiharakisha hadi mgeni asishike hata neno.

Tatizo huja kwenye waraka wa Kenya unaochanganya lugha. Sauti ya Kiswahili ikikutana na jina la barabara kama Moi Avenue huweza kulitamka "a-ve-nu-e", na sauti ya Kiingereza ikikutana na "ng'ombe" hufanya vibaya zaidi. Orca huruhusu mipangilio miwili au zaidi ihifadhiwe, mmoja wa sauti ya Kiswahili na mwingine wa Kiingereza, na mtu akahama kutoka mmoja hadi mwingine anapobadili kazi.

Hili si suala la wapenda mitambo pekee. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, kile kile kinachokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kinaitaka Serikali pia kukuza Breli na mbinu na teknolojia nyinginezo za mawasiliano zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Kifungu cha 54 kinawapa haki ya kupata vifaa vya kuwawezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wao. Ofisi ya umma inayohamia programu fulani, iwe ya kununua au ya bure, inaigusa haki hiyo papo hapo.

Udhaifu mkubwa wa Orca ni kwamba maisha yake yameshikwa na mikono michache. Oracle iliponunua Sun mwaka 2010, kazi iliyokuwa imefadhiliwa na kampuni ilipungua ghafla. Aliyeibeba ni Joanmarie Diggs, ambaye alikuwa akiwafundisha wasioona matumizi ya tarakilishi huko huko Massachusetts, na ambaye baadaye aliendelea nayo akiwa katika kampuni ya Igalia. Mwaka 2023, mfuko wa Sovereign Tech Fund wa Ujerumani ulitoa Euro milioni 1 kwa GNOME, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwa kazi ya kuwafaa watu wenye ulemavu.

Msaada huo ulihitajika kwa sababu msingi wenyewe wa madirisha ya Linux umekuwa ukibadilishwa. Mfumo wa zamani, X11, uliruhusu programu yoyote kusikiliza kila kitufe kinachobonyezwa. Ni hatari kwa usalama, lakini ndiyo njia iliyotumiwa na Orca kupata amri zake. Mfumo mpya, Wayland, umeufunga mlango huo, na kwa miaka kadhaa baadhi ya amri za Orca hazikufanya kazi ipasavyo chini yake. Toleo la 48 la GNOME, lililotolewa Machi 2025, lilikuja na njia mpya ya kumfikishia Orca vitufe vyake bila kuwafungulia wengine.

Kwa hiyo ofisi yenye mfanyakazi asiyeona, inapokusudia kubadili toleo la Linux, huanza kwa kuangalia nambari ya GNOME iliyomo, kisha humwachia mfanyakazi huyo mashine moja kwa wiki mbili au tatu na faili zake halisi, lahajedwali la mishahara likiwa la kwanza.